Boksi la Vitabu Nani Anabeba? Mama Rafu Anajibu Wasomaji

Mbukwenyi wasomaji wangu. Mwezi huu wanaotafuta vitabu wamenipumzisha, meseji karibu zote zimetoka kwa wakutubi wenyewe, wa mikoa, wa wilaya, wa vyuo na walimu waliokabidhiwa funguo za maktaba za shule, na wote wanazunguka palepale, tunajifunzaje kazi na tunashirikianaje wakati kila mtu yuko peke yake kwenye kona yake. Barua nimezifupisha na majina nimeyaficha. Upepo wa Dodoma unajua wenyewe, nimeandika huku nafuta vumbi kwenye kibodi, mkiona herufi imeruka mnisamehe.

SWALI: Shikamoo Mama Rafu. Mimi ni mkutubi msaidizi, maktaba moja hapa kanda ya kati. Mwezi wa tatu tulikutana wakutubi wa maktaba saba, tukapiga picha, tukakubaliana tuazimane vitabu na tufundishane kazi, tukafungua na grupu la wasap. Sasa hivi mle ndani ni asubuhi njema, maua, matangazo ya misiba na video za mahubiri. Mtu akiomba kitabu anajibiwa "tutaangalia" na ndio imetoka hiyo. Tumekosea wapi? – Mnyonge wa Grupu

JIBU: Marahaba mwanangu. Kufungua grupu sio kosa, kosa ni kudhani grupu ndio ushirikiano wenyewe. Mimi sikuwepo kwenye kikao chenu lakini naweza kukuapia kwamba hakuna aliyeuliza hivi: boksi la vitabu likitoka Singida kuja Dodoma, hela ya kifurushi pale stendi inatoka mfuko wa nani? Nani anasaini likifika? Kitabu kisiporudi nani anaulizwa na mkaguzi? Maswali ya namna hiyo watu wanaona aibu kuyauliza kwenye kikao chenye chai na maandazi, yanaonekana ya kibahili, basi kila mtu anaondoka na furaha yake halafu wiki ya pili kitabu kinaombwa na kila mmoja anamsubiri mwenzake atoe elfu tano.

Ngoja nikusimulie la kwangu. Miaka hiyo nikiwa bado kijana kwenye kaunta, maktaba ya jirani walituomba vitabu vya hadithi vya watoto kwa ajili ya likizo. Nikafungasha arobaini, nikafunga kamba vizuri, nikampa dereva aliyekuwa anaelekea huko, orodha sikuandika kwa sababu tulikuwa tunajuana. Vikarudi thelathini na moja. Nikapiga simu, aliyepokea alikuwa ameshahamishwa, aliyekuja baada yake anasema yeye alivikuta thelathini na moja, dereva anasema yeye alibeba boksi hakubeba vitabu. Wote walikuwa wakweli! Hakuna mwizi pale, kilichokosekana ni karatasi. Vile tisa niliviandikia maelezo kurasa mbili na bosi wangu wa wakati ule akapiga marufuku kuazimisha nje ya jengo, marufuku ambayo ilikaa miaka mingi kuliko mimi nilivyokaa pale. Kwa hiyo ukiona maktaba fulani ni wabishi kutoa vitabu usiwaite wachoyo haraka, uliza kwanza nani aliwahi kuandikishwa maelezo.

Sasa fanyeni hivi. Kwanza ipatikane barua iliyosainiwa na wakuu wenu wote saba, ukurasa mmoja tu unatosha, iseme tunaazimana, kwa muda gani, mwisho vitabu vingapi kwa mara moja, na kikipotea aliyeazima analipa au ananunua kingine kama hicho. Bila hiyo barua wewe mkutubi msaidizi unachezea mali ya umma kwa urafiki. Pili fomu ya kusafirisha, nakala tatu, moja inabaki kwa anayetuma, moja ndani ya boksi, moja inarudi na sahihi ya aliyepokea, na vitabu viandikwe kwa namba ya rejesta sio kwa jina tu, kwa sababu kitabu kimoja mnaweza kuwa nacho nakala kumi. Tatu kila maktaba itaje mtu mmoja na wa akiba yake, ili mmoja akiwa likizo au amehamishwa mambo yaendelee.

Kuhusu nauli nina njia moja naipenda, niite mshamba ukitaka. Msianze na kuazimana kitabu kimoja kimoja, anzeni na rafu inayosafiri. Kila maktaba ifungashe boksi moja la vitabu thelathini vya ziada, sio vya kiada maana vya kiada kila mtu anavihitaji muda wote, na kila boksi likae sehemu moja miezi mitatu halafu lisogee kwa anayefuata, wote kwa mzunguko mmoja kama mnavyocheza upatu. Anayetuma ndiye analipa. Piga hesabu, unalipia kutuma boksi moja kila miezi mitatu, yaani mara nne kwa mwaka, hiyo hata bosi mgumu vipi ataipitisha kwenye matumizi madogo. Na baada ya miezi ishirini na moja watoto wa kwako wameona vitabu 210 wakati wewe umetoa thelathini tu. Ratiba ipangeni kwa kuangalia mvua, Dodoma kwenda Kondoa ni kama kilomita 160 za lami, Singida kama 240 na ni lami pia, lakini kama mna maktaba ya kata huko ndani usipange boksi lihame mwezi wa kwanza, maboksi yatakesha kwenye korongo na kitabu kilicholowana hakifufuki.

Hata wakubwa wa dunia walipata shida hiihii ya nani analipa. IFLA, lile shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, miaka ya 1990 walianzisha vocha za plastiki: maktaba ikiazimwa kitabu na nchi nyingine inapokea vocha badala ya kuhangaika na kubadilisha pesa benki, halafu inaitunza vocha ile kuja kulipia ikiazima yenyewe. Ni upatu uleule. Mnaweza kutengeneza za kwenu kwa kadi ngumu na muhuri, kila maktaba ianze na tano, anayebaki hana anajua amekula sana hajalisha wenzie.

Grupu msilifunge, mtagombana bure. Fungueni la pili la kazi tupu, humo hakuna maua. Anayeomba aandike jina la kitabu, mwandishi na lini anakihitaji, na jibu ndani ya siku mbili ni "kipo" au "hakipo". Neno "tutaangalia" lipigwe marufuku kabisa, atakayeliandika anunue soda kikao kijacho.

SWALI: Mama Rafu habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, shule ya sekondari wilaya ya Kondoa. Mwaka jana mwalimu aliyekuwa anashika maktaba alihama na mimi nikapewa funguo, nadhani kwa sababu nilionekana napenda kusoma. Vitabu vipo lakini vimerundikwa. Sijasomea hii kazi hata siku moja, na kwenda Bagamoyo kusoma siwezi nina vipindi ishirini na nne kwa wiki. Semina nasikia tu zinafanyika Dar. Nianzie wapi? – Mwalimu Mwenye Funguo

JIBU: Mwalimu wangu karibu kwenye chama cha waliopewa funguo, tuko wengi, hata mimi sikuzaliwa mkutubi. Bagamoyo unayoisema ndio chuo cha ukutubi na nyaraka cha Bodi ya Huduma za Maktaba, kipo tangu 1989, wanatoa cheti na stashahada, na siku ukipata nafasi nenda, hutajuta. Ila kwa rundo ulilonalo leo huhitaji stashahada, unahitaji mazoea ya kazi tano: kupokea kitabu kwenye rejesta, kukipa namba, kukipanga, kukiazimisha na kukishona kikichanika. Hizo tano hazifundishiki kwa slaidi, zinafundishika kwa kusimama kando ya mtu anayezifanya.

Kwa hiyo omba wiki moja maktaba ya mkoa, likizo ya mwezi wa sita ni nzuri. Usiende kienyeji, pitisha barua kwa mkuu wa shule, andika wazi unataka kujifunza nini, maana ukiandika "kujifunza masuala ya maktaba" utapewa kiti na gazeti mpaka Ijumaa. Andika Jumatatu mapokezi na rejesta, Jumanne kuainisha, Jumatano kaunta, Alhamisi ukarabati, Ijumaa nakuja na vitabu vyangu ishirini mnisahihishe. Hiyo ya Ijumaa ndio roho ya safari nzima. Beba vitabu vyako vyenye utata, vile visivyojulikana viwekwe wapi, mpange pamoja na mkutubi wa pale, mbishane, utarudi na akili ambayo semina ya siku tatu hotelini haikupi.

Na usijisikie unaomba fadhila. Sheria ya huduma za maktaba, namba 6 ya 1975, imeipa Bodi kazi ya kuanzisha na kuendeleza maktaba na kufundisha wakutubi. Kwa hiyo mkutubi wa mkoa akikufundisha yuko kazini, ingawa ukienda na kilo moja ya karanga za Kondoa hakuna atakayekufukuza.

Namba zisikutishe. Mpango wa Dewey wa kuvipa vitabu namba ni wa tangu 1876, umegawa elimu yote mafungu kumi kuanzia 000 mpaka 900, na shule ya sekondari inaishi kwenye namba chache tu. Lugha ya Kiswahili ni 496.392, fasihi ya Kiswahili 896.392, historia ya Tanzania 967.8, hesabu 510, fizikia 530, kemia 540, kilimo 630. Kwa kuanzia hizo zinatosha, andika kwenye karatasi bandika ukutani. Watu wa Dewey wataniona mkosaji lakini kwa shule yenye vitabu mia nane sioni faida ya kuandika namba yenye tarakimu tisa mgongoni mwa kitabu chembamba kama daftari, lebo yenyewe haienei. Ongeza utepe wa rangi kwa kila fungu ili mtoto wa kidato cha kwanza arudishe kitabu mahali pake bila kukuita.

Ukimaliza ile wiki omba barua inayosema umefanya nini na siku ngapi, uiweke kwenye faili lako, na hiyo kazi ya maktaba iingize kwenye majukumu yako kule PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima kazi za watumishi. Walimu wengi wanashika maktaba miaka mitano na kwenye mfumo wanaonekana wanafundisha tu, halafu ikija nafasi ya mafunzo ya ukutubi wanashangaa kwa nini jina lao halipo.

Dar kwenyewe siku hizi sio mbali, tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 kuna watu wanaenda kikao asubuhi na usiku wako kwao. Ila hiyo ni kwa sisi wa hapa mjini, wewe wa Kondoa bado una basi la kuja Dodoma kwanza, naelewa.

SWALI: Mama, kuna mkutubi mwenzetu kwenye grupu letu la maktaba za mikoa anarusha picha za rejesta ya wadaiwa, majina, namba za simu na vitabu walivyochukua, anasema ili mdaiwa asiende kuazima mkoa mwingine. Wengine wanamsifu. Mimi moyo unanisuta. – Asiyetaka Ugomvi

JIBU: Moyo wako umesoma sheria kuliko yeye. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo hapahapa Dodoma, sasa mtu anarusha namba za simu za watu grupuni huku Tume iko jirani yake kabisa. Mtu alitoa namba yake ili aazime kitabu, hakuitoa izunguke mikoa mitano.

Lakini hata sheria isingekuwepo bado ni vibaya. Kuna watu wanaazima kitabu kuhusu talaka, kuhusu ukimwi, kuhusu kuacha pombe. Dodoma mji lakini tunajuana, ikijulikana kwamba maktaba inatangaza unachosoma basi wale wanaohitaji vitabu hivyo kuliko wote ndio watakaoacha kuja. Mwambie faragha, sio grupuni, afute zile picha na awaombe waliozihifadhi wafute. Na mkitaka kweli kuzuia wadaiwa wanaohama, fanyeni kama wanavyofanya wanafunzi wakimaliza chuo: msomaji anayetaka kujiunga maktaba ya mkoa mwingine aje na kikaratasi kutoka maktaba yake ya zamani chenye muhuri kinachosema hadaiwi. Karatasi anabeba mwenyewe, siri yake anayo mwenyewe.

SWALI: Shikamoo mama. Tumeambiwa maktaba yetu iingie kwenye mfumo wa Koha, ule wa kompyuta wa kuorodhesha na kuazimisha vitabu. Tuna kompyuta mbili, moja inazimika ikitaka, vitabu kama elfu sita na wafanyakazi tuko wawili. Mwenzangu anastaafu mwaka kesho na amesema hataki kusikia. Je inawezekana au tutaumbuka? – Wawili Tu

JIBU: Marahaba. Inawezekana, lakini sio nyie wawili peke yenu, na hapo ndio natamani watu wa maktaba zetu tuache kila mmoja kulima shamba lake kwa jembe lake.

Nianze na Koha yenyewe maana watu wanaiogopa kama jini. Ilitengenezwa New Zealand kwa ajili ya maktaba za wilaya ya Horowhenua, mfumo wao wa zamani ulikuwa hauwezi kuvuka mwaka 2000, wakaajiri kampuni ndogo iwatengenezee mpya na ikaanza kazi Januari 2000, halafu badala ya kuuza wakaiachia dunia nzima bure. Koha kwa Kimaori maana yake zawadi. Kwa hiyo ilizaliwa kwenye maktaba za wilaya kama za kwetu, sio kwa maprofesa. Ila bure maana yake hulipii leseni, seva inalipiwa, umeme unalipiwa, na mtu wa kuitunza analipwa. Tuseme mko maktaba saba kama wale wa barua ya kwanza, mkiiweka kila maktaba ya kwake mtahitaji seva saba na mafundi saba, na mafundi wenyewe hampati. Koha inakubali maktaba nyingi kuwa matawi ndani ya mfumo mmoja, kila tawi lina vitabu vyake na kaunta yake lakini seva moja na fundi mmoja. Hapo vyuo vya Dodoma vyenye vitengo vya tehama vinaweza kuwa jirani mwema, nendeni mkaulize, wapo vijana wanatafuta sehemu ya kufanyia mafunzo kwa vitendo.

Sasa hesabu yako. Vitabu elfu sita, tuseme mtu anaingiza ishirini kwa siku akiwa anahudumia na wasomaji, wawili ni arobaini, hiyo ni siku 150 za kazi, karibu miezi saba na nusu kama hakuna malaria wala umeme kukatika. Inachosha ila sio milele. Lakini habari njema ni kwamba vitabu vingi ulivyonavyo ameshaviorodhesha mtu mwingine, hupaswi kuandika upya. Hii ni akili ya zamani sana, Maktaba ya Bunge la Marekani ilianza kuuza kadi za orodha zilizochapwa mwaka 1901 ili maktaba nyingine zisirudie kazi, na mwaka 1971 vyuo vya jimbo la Ohio vikaanza kuchangia orodha moja kwa kompyuta, mmoja akiorodhesha kitabu wengine wanachukua. Ndani ya Koha kuna sehemu ya kutafuta kwa Z39.50, njia ya kompyuta za maktaba kuulizana, unaandika ISBN, ile namba ya utambulisho ya kitabu, inakuletea rekodi nzima kutoka maktaba ya mbali, unasahihisha, unahifadhi. Dakika mbili.

Utaniuliza vitabu vya Kiswahili watakuwa navyo Marekani? Vingi wanavyo. Wana ofisi Nairobi tangu 1966 inayokusanya vitabu vya ukanda wetu, Tanzania ikiwemo. Vile visivyopatikana, na vipo, hasa vijitabu vya zamani visivyo na ISBN, hivyo ndio mgawane. Maktaba saba, kila moja ichukue wachapishaji wake au herufi zake, ukiorodhesha wewe mwenzako wa Iringa anachukua, akiorodhesha yeye unachukua wewe.

Kabla ya kugawana mkae nusu siku mkubaliane majina ya waandishi. Naomba mnisikilize hapa kwa sababu ndipo orodha nyingi zinapooza. Mswahili anaandika jina lake, la baba na la babu, mkutubi mmoja anaanza na la mwisho kwa sababu kafundishwa kizungu, mwingine anaanza na la kwanza kwa sababu ndivyo watu wanavyomtafuta, wa tatu anaweka na Sheikh au Mwalimu mbele, matokeo yake mwandishi mmoja anakuwa watu watatu na msomaji anaambiwa vitabu vyake havipo kumbe vipo rafu ya pili. Chagueni njia moja, yoyote, iandikeni, ibandikwe kwenye kila kompyuta. Kwenye fomu ya kuorodhesha ya Koha, uga, yaani sehemu ya kujaza, namba 100 ni mwandishi, 245 ni jina la kitabu, 020 ni ISBN, 082 ni namba ya Dewey, ukizijua hizo nne umeshashika nusu ya kazi, zingine utazijua njiani.

Na huyo mwenzako anayestaafu, usimlazimishe kompyuta. Yeye ndiye anajua kitabu gani kilitoka wapi, kwa nini rejesta ya mwaka fulani ina kurasa zilizochanwa, msomaji gani alikuwa anatuletea magazeti ya zamani. Mkalishe na rejesta akusomee wewe uandike. Akiondoka kabla hujafanya hivyo utapata Koha safi yenye vitabu mia nne ambavyo havipo duniani. Kompyuta inayozimika itoeni nje ya ofisi, ipulizeni vumbi kwanza kabla ya kuomba mpya, Dodoma hapa nusu ya magonjwa ya kompyuta ni vumbi tu.

SWALI: Mama Rafu naomba kujua, hivi vyama na mikutano ya wakutubi, TLA, SCECSAL, AfLIA, vina faida kwa sisi wa chini au ni vya wakubwa kwenda kula posho? – Wa Chini Kabisa

JIBU: Unauliza kwa hasira lakini swali halali. TLA ndio chama chetu cha kitaaluma hapa nchini, hicho jiunge. SCECSAL ni mkutano wa vyama vya wakutubi wa mashariki, kati na kusini mwa Afrika, wa kwanza ulifanyika Dar es Salaam 1974, siku hizi unazunguka nchi kila miaka miwili. AfLIA ni ya bara zima, makao yake Accra. Faida ipo, nimewahi kupata kwenye kikao cha namna hiyo ushauri wa kupambana na mchwa ambao hakuna kitabu kimewahi kuniambia, tena niliupata kwenye foleni ya chakula.

Tatizo sio mkutano, tatizo ni anayekwenda. Anarudi na begi, kofia na cheti, begi analitumia kwendea sokoni Majengo, cheti kinaingia kwenye faili, na nyie mliobaki mnashika kaunta hamjui hata kilizungumzwa nini. Kuna watu wana vyeti vya semina ishirini na lebo za vitabu vyao bado zimeandikwa kwa penseli. Maktaba niliyofanyia kazi mwisho tulikuwa na utaratibu, aliyekwenda lazima ndani ya siku saba akae saa moja na wenzake, mlinzi na mfagizi wakiwemo, awaonyeshe kitu kimoja tu kwa mikono, asiyefanya hivyo safari ijayo anaenda mwingine. Mara ya kwanza watu walinuna. Mara ya tatu walianza kuandika notisi huko walikokwenda.

SWALI: Mama, nimeomba mkutubi wa wilaya jirani aje kukaa kwetu wiki moja tujifunze pamoja, mkuu wangu amekataa, anasema ni kumfungulia mtu wa nje siri za ofisi. Nimjibu nini? – Wa Bahi

JIBU: Siri gani jamani, mchwa? Usimjibu kwa maneno, mwandikie karatasi moja: atakaa meza gani, atagusa nini na hatagusa nini, rejesta ya wasomaji na ya fedha hafungui, jioni anarudisha kitambulisho cha mgeni, na wiki inayofuata wewe unaenda kwao kwa masharti hayohayo. Viongozi wengi wanakataa kitu wasichokiona, ukikichora wanasaini. Halafu ongeza mstari wa mwisho kuhusu atalala wapi na mchana atakula wapi, maana Bahi pale mgeni akifika saa saba na mama lishe ameshamaliza wali, wiki nzima imeharibika siku ya kwanza.